Tusimbeze shabiki wa runinga

Katika vyumba vya walimu na katika mikutano ya wazazi yupo mshtakiwa mmoja ambaye hukosa wakili kila anapofikishwa kizimbani. Matokeo ya mtihani yakiwa mabaya, runinga ndiyo iliyokula saa za kudurusu. Insha ya Kiswahili ikijaa makosa, runinga ndiyo iliyoharibu lugha. Mwanafunzi akisinzia somo la asubuhi, bila shaka alikesha mbele ya runinga. Hukumu hutolewa kabla ya ushahidi kusikizwa, na anayethubutu kuuliza swali huonekana kuwa mtetezi wa uvivu.

Leo ningependa, kwa idhini ya msomaji, kusimama upande wa mshtakiwa huyo. Au, kwa usahihi zaidi, upande wa yule ampendaye, yaani shabiki. Sisemi kwamba kila kinachoonyeshwa ni chema. La hasha! Wala sisemi kwamba mwanafunzi aache vitabu vyake akae kitako mbele ya kioo kutoka magharibi hadi usiku wa manane. Ninalosema ni kwamba kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyetekwa na runinga na mtu aliye shabiki wake, na kwamba sisi walimu na wazazi, kwa kuwachanganya wawili hawa, tumekuwa tukimtupa mtoto pamoja na maji machafu aliyoogea. Nina sababu yangu mwenyewe ya kulizungumzia jambo hili, nami nitaieleza kabla ya kuhitimisha.

Runinga iliingia nchini Kenya mnamo 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka wa 1964 shirika lililoiendesha lilitwaliwa na serikali na kupewa jina la Sauti ya Kenya, jina ambalo lilidumu hadi 1989, liliporejea kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Hadi KTN ilipoanza matangazo yake mnamo 1990, taifa zima lilikuwa na kituo kimoja tu cha runinga. Kwa hiyo, kwa muda wa karibu miaka 28, Wakenya waliobahatika kuwa karibu na kioo hicho walitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kesho yake walizungumzia jambo moja sokoni, kwenye matatu na katika uwanja wa shule.

Aliyekuwa na runinga kijijini, aghalabu akiitumia kwa betri ya gari iliyopelekwa sokoni kutiwa moto, hakuwa na kifaa tu bali alikuwa na wageni. Watoto tuliingia tukiwa tumenawa miguu, tukaketi sakafuni mbele ya wazee walioketi vitini. Mmoja wetu alitumwa nje kuuzungusha mlingoti wa antena, huku walio ndani wakipaza sauti, "Hapo hapo! Rudi kidogo! Umepita!" Mara nyingi aliyetumwa ndiye aliyekikosa kipindi. Sitaki kuupamba umaskini wa wakati huo, maana yapo mengi ambayo hatukuyaona kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuketi. Lakini ni kweli pia kwamba hatukutazama kwa uzembe. Kitu kinachopatikana kwa taabu hutazamwa kwa makini.

Tulitazama nini? Aliyekulia wakati ule hahitaji kukumbushwa *Vioja Mahakamani*, kipindi kilichoanza katika miaka ya 1970, wala *Vitimbi* ya miaka ya 1980. Katika *Vitimbi* alikuwamo marehemu Benson Wanjau, ambaye taifa lilimjua kwa jina la Mzee Ojwang', pamoja na Mary Khavere, yaani Mama Kayai. Jumatatu ikifika, mahakama ilihamia shuleni. Wakati wa mapumziko tulimteua hakimu, tukamteua kiongozi wa mashtaka, tukampata karani, na mshtakiwa hakukosekana, kwa kuwa kila darasa lina mchokozi wake. Nani alitufundisha maneno kama vile dhamana, rufani, kizimba, ushahidi, upande wa mashtaka na kifungo cha nje? Kitabu cha kiada hakikutufundisha. Tulikuwa na umri wa miaka kumi na mbili hivi, na tuliyatumia maneno hayo mahali pake hasa, kwa maana aliyekosea alicheka na wenzake na kurekebishwa papo hapo.

Ikumbukwe kwamba hayo yalikuwa yakitukia katika kipindi muhimu sana cha lugha ya Kiswahili nchini. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mnamo 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Shule nyingi za bara zilijikuta zikihitaji walimu, vitabu na, zaidi ya yote, watoto waliokwisha kuizoea lugha yenyewe masikioni mwao. Redio ilikuwa imefanya kazi kubwa ya kuyaandaa masikio hayo, nayo runinga ikaongeza uso, ishara na mazingira. Mtoto wa Kericho, wa Meru au wa Kakamega, ambaye nyumbani hakusikia Kiswahili ila kwa nadra, aliwaona watu wakigombana kwa Kiswahili, wakiposa kwa Kiswahili, wakidanganya na kukamatwa kwa Kiswahili. Akatambua kwamba lugha ile haikuwa ya ubaoni tu.

Hapa najua mwalimu mwenzangu ataniuliza: Kiswahili kipi hicho? Je, si Mzee Ojwang' aliyekivuruga Kiswahili kwa lafudhi na viambishi visivyo vyake, watoto wakamwiga? Swali hilo ni la haki. Katika miaka hiyo walikuwapo walimu walioyasikia matamshi yale na kukunja nyuso. Lakini tufikirini kidogo. Ili mtoto acheke kosa la lugha, sharti awe anakijua kilicho sahihi. Asiyejua kwamba neno limeharibika hawezi kucheka kuharibika kwake. Kila kicheko chetu kilikuwa ni jibu la mtihani ambao hakuna aliyeusahihisha. Mwalimu mwerevu angeingia darasani Jumatatu na kuuliza, "Jana mlicheka wapi, na kwa nini?" Hapo somo la upatanisho wa kisarufi lingekuwa limejileta lenyewe mlangoni.

Kuna jambo jingine katika uigizaji ule ambalo lafaa kujadiliwa na wanafunzi bila kuficha. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu aliyemwigiza mzee wa Kijaluo, akaigiza kwa ustadi hata wengi wakaamini kwamba ndivyo alivyozaliwa. Je, huo ulikuwa ni udugu au dhihaka? Nadhani yote mawili yalikuwa hatari na uwezekano wake kwa pamoja. Uigaji wa lafudhi waweza kuwa mlango wa kumwingia mwenzako nyumbani kwake kwa upendo. Waweza pia kuwa fimbo ya kumchapia. Katika nchi ambayo imewahi kumwaga damu kwa sababu ya kabila, mwanafunzi anastahili kuulizwa tofauti iko wapi. Kwa upande wangu, nina ushahidi mmoja wa kuutetea upande wa udugu. Mzee huyo alipopata matatizo ya macho uzeeni, Wakenya wa makabila mbalimbali walichanga fedha ili atibiwe. Alipofariki mnamo Julai 2015, hakuna kabila lililomlilia peke yake. Waliochanga na waliolia walikuwa ni mashabiki wale wale tunaowaita wavivu.

Tuje sasa kwa muziki. Redio ilitupa sauti za Daudi Kabaka, Fadhili William na Les Wanyika, nasi tukazipenda. Ila sauti ya redio haina vidole. Kijana wa shule aliyetaka kujifunza kupiga gita kwa kusikiliza tu alikuwa kama mtu anayejifunza kuandika kwa kusikia mkwaruzo wa kalamu. Siku alipoiona bendi kwenye runinga, aliona mkono wa kushoto ulipokaa na namna mpigaji wa besi alivyomtazama mpiga ngoma kabla ya kubadilisha mwendo. Mwanakwaya naye alijifunza vivyo hivyo. Aliyemwona Boniface Mganga akiiongoza kwaya ya Muungano alitambua kwamba kuongoza kwaya ni zaidi ya kupunga mikono hewani. Mwalimu wa kijijini aliyekuwa akiitayarisha shule yake kwa tamasha la muziki aliweza kuona washindi wa taifa walivyosimama, walivyovuta pumzi na walivyofungua vinywa. Kwa walimu wengi wa muziki hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yao ya ziada, tena bila karo.

Wala jambo hili si la Kenya pekee. Tarehe 9 Februari 1964, kundi la The Beatles kutoka Uingereza lilijitokeza katika kipindi cha Ed Sullivan nchini Marekani, na watazamaji wapatao milioni 73 wakalitazama. Wanamuziki kadhaa mashuhuri wa Marekani, miongoni mwao Tom Petty na Billy Joel, walikuja kueleza baadaye kwamba jioni ile ndiyo iliyowaonyesha njia watakayoifuata maishani. Walikuwa wavulana tu, wameketi mbele ya runinga nyumbani kwao. Naam, huenda na wazazi wao walidhani kwamba watoto wanapoteza wakati.

Ni kweli kwamba wapo viongozi wenye hekima walioitilia runinga shaka. Tanzania Bara, kwa mfano, haikuwa na kituo cha runinga hadi 1994, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa ambayo nchi maskini haikupaswa kuikimbilia, ilhali Zanzibar ilikuwa tayari na runinga yake, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Siwezi kuudharau uamuzi wa Mwalimu. Fedha za nchi changa zilikuwa na kazi nyingi: zahanati, maji, madarasa ya watu wazima. Lakini natambua pia gharama yake. Waigizaji na wanamuziki wengi wa Bara waliotamba katika miaka ya 1960, 1970 na 1980 walibaki katika sauti za redio na sahani za santuri, na mjukuu wao leo akitaka kuwaona wakiwa jukwaani, picha zinazosonga ni chache mno. Anasa ya leo yaweza kuwa kumbukumbu ya kesho.

Neno hilo, kumbukumbu, ndilo lililonifanya niishike kalamu. Tunadhani kwamba kilichowahi kuonyeshwa kwenye runinga kimehifadhiwa mahali fulani, katika ghala lenye kufuli, na kwamba siku tutakapokihitaji tutakipata. Si hivyo, hata katika nchi tajiri. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, liliponasa vipindi vyake vya miaka ya 1960, liliendelea hadi miaka ya 1970 kuzifuta kanda nyingi ili zitumike tena. Wakuu wake hawakuwa watu wabaya. Kanda za video zilikuwa ghali na kubwa, mapatano na vyama vya waigizaji na wanamuziki yaliweka mipaka katika kurudia vipindi, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu angetaka kununua kipindi cha zamani akakitazame nyumbani kwake. Hivyo ndivyo yalivyopotea maonyesho mengi ya muziki ya *Top of the Pops*, kipindi kilichoanza tarehe 1 Januari 1964. Hivyo ndivyo pia ilivyopotea picha ya vipindi karibu 100 vya *Doctor Who*, mchezo ulioanza Novemba 1963.

Sasa msomaji na asikilize jambo la kustaajabisha. Ingawa picha za vipindi hivyo vya *Doctor Who* hazipo, sauti ya kila kimoja ipo. Nani aliyeihifadhi? Shirika halikuihifadhi, wala serikali, wala chuo kikuu. Waliohifadhi ni mashabiki, wengi wao vijana, ambao walikiweka kinasa sauti karibu na runinga sebuleni, wakawaomba wazazi na ndugu zao wanyamaze, wakanasa. Hawakuwa na video nyumbani. Walikuwa na mapenzi tu, na kanda ya sauti. Miaka mingi baadaye shirika lile lenye majengo na mitambo lilikwenda kuomba kile ambacho kijana mmoja alikitia katika sanduku chini ya kitanda.

Mfano wa pili unahusu muziki. Mnamo Januari 1973 mwanamuziki David Bowie aliimba wimbo wake uitwao "The Jean Genie" katika *Top of the Pops*, na kanda ya onyesho hilo ikadhaniwa kuwa imepotea kabisa. Kumbe mpiga picha mmoja aliyeshiriki kuitengeneza, John Henshall, alikuwa amejiwekea nakala kwa kuwa aliipenda kazi ile. Onyesho likaonekana tena mwaka wa 2011, baada ya miaka 38. Mfano wa tatu unatoka katika bara letu. Mwaka wa 2013 ilitangazwa kwamba filamu za vipindi tisa vya *Doctor Who* vilivyodhaniwa kupotea daima zilikuwa zimepatikana katika kituo cha runinga mjini Jos, Nigeria. Nchi iliyozitengeneza ilizipoteza, na rafu ya Nigeria ikazitunza.

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Niliahidi kueleza sababu yangu. Dada yangu mkubwa alisomea ualimu, na mwaka wa 1986 kwaya ya chuo chake ilipata nafasi ya kuimba kwenye runinga katika kipindi cha Jumapili. Nilikuwa katika darasa la saba. Tulikwenda kwa jirani nyumba nzima, mama akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani kana kwamba yeye ndiye atakayeonekana. Mimi nilipewa kazi ya kubeba redio ya kaseti ya baba, kuiweka mbele ya runinga na kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja wimbo ulipoanza. Kwaya iliimba nyimbo mbili. Katika wimbo wa pili dada yangu aliimba ubeti mmoja peke yake, na sauti ya mama yetu ilisikika katika kanda ile ile ikisema polepole, "Ndiye huyo." Kisha mtu akakohoa, na jogoo wa jirani akawika nje. Hayo yote yalinaswa.

Dada alipokuja likizo aliisikiliza kaseti, akacheka kwa sababu ya jogoo, akaichukua na kuvivunja vijiplastiki viwili vilivyoko kwenye ukingo wake. Akaniambia, "Ndugu yangu, ukivivunja hivi, hakuna awezaye kunasa kitu kingine juu yake. Nitunzie."

Miaka miwili baadaye nilikuwa kidato cha kwanza, na rafiki yangu alikuwa amepata wimbo mpya wa rumba kutoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Nilitaka wimbo ule kuliko chakula. Sikuwa na fedha za kaseti tupu. Aliyewahi kumiliki kaseti anajua kwamba tundu lililoachwa na kile kijiplastiki laweza kuzibwa kwa kipande cha karatasi kilichotafunwa, na redio ikadanganyika. Nilitafuna karatasi. Siwezi kusema kwamba sikujua nilichokuwa nikifanya.

Aliponiuliza kaseti iko wapi, nilimjibu kwamba imepotea. Hakunigombeza, maana vitu vingi hupotea nyumbani kwenye watoto wengi. Alifundisha kwa miaka kumi na minne, akazianzisha kwaya katika shule mbili, akafariki mwaka wa 2003 akiacha watoto watatu. Kifungua mimba wake alikuwa na umri wa miaka minane. Siku ya mazishi waliokuwa wanakwaya wenzake waliuimba ule wimbo wa pili, na walipoufikia ubeti wake walinyamaza, wakauacha upite bila maneno, kisha wakaendelea. Mtoto huyo aliniuliza kwa nini wamenyamaza. Nilimwambia hapo ndipo mama yake alipoimba peke yake. Akaniuliza aliimbaje. Nami, niliyekuwa na jibu hilo mkononi kwa miaka miwili, sikuwa nalo tena.

Kwa hiyo ninapowasoma wakubwa wa BBC waliozifuta kanda zao kwa kuwa kanda ilikuwa ghali, siwarushii jiwe. Nilifanya vivyo hivyo, kwa bei ya kaseti moja. Na ninapowasoma vijana walioketi sebuleni wakiwaomba ndugu zao wanyamaze, naona jinsi nilivyokuwa nimeanza vyema na jinsi nilivyomaliza vibaya. Nilikuwa shabiki kwa jioni moja, kisha nikawa mtu anayetumia vitu na kuvitupa.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti niliyoitaja mwanzoni. Aliyetekwa na runinga hutazama, kikaisha, akatazama kingine, na kesho hakumbuki hata kimoja. Shabiki hufanya jambo kwa kile alichokiona: hukiiga, hukiimba, hukibishania, hukiandika, hukitunza. Mwalimu akitaka kujua mwanafunzi wake yuko upande upi, asimuulize ametazama kwa saa ngapi. Amuulize amefanya nini baada ya kutazama.

Huenda kijana wa leo akaniambia kwamba shida hii imekwisha. Tangu nchi ilipohamia matangazo ya dijitali mnamo 2015 idadi ya vituo imeongezeka, na simu aliyo nayo mfukoni hunasa picha na sauti kwa pamoja bila kuomba kaseti. Ni kweli. Vipindi kadhaa vya zamani hupatikana pia katika intaneti, vingine vikiwa vimewekwa humo na mashabiki wasiolipwa hata senti. Lakini wepesi wa kunasa umezaa wepesi wa kufuta. Simu ikijaa, kinachofutwa kwanza ni kilicho kirefu, na kilicho kirefu ni tamthilia ya shule au wimbo mzima wa kwaya. Simu ikianguka majini, mwaka mzima umezama. Na hata kisichofutwa, mara nyingi hakina jina. Video isemayo tu tarakimu za tarehe, bila shule, bila jina la mtunzi, bila majina ya waigizaji, itakuwa bubu baada ya miaka ishirini, hata kama inatoa sauti.

Basi yafaa nini? Nina mapendekezo machache kwa walimu na wanafunzi, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya wizara.

Kwanza, kila shule inayoingia katika tamasha la muziki au la drama na iteue wanafunzi wawili kuwa watunzaji. Kazi yao iwe kunasa onyesho moja kamili na kuandika katika daftari, kwa wino, jina la kazi, mtunzi, mwelekezi, waigizaji au waimbaji wote, mahali, tarehe na lugha iliyotumika. Nakala ziwe mbili, nazo zisikae mahali pamoja. Huo ni ujuzi ambao mtaala unaozingatia umilisi unadai kuukuza, na hapa unakuja ukiwa na maana.

Pili, mwalimu wa Kiswahili na ampe mwanafunzi zoezi la kumhoji mzee mmoja kuhusu kipindi cha runinga au redio ambacho hajakisahau. Alikitazamia wapi? Nani alikuwa naye? Alicheka wapi? Ni maneno gani aliyajifunza? Insha za namna hiyo zikikusanywa kwa miaka mitano katika shule moja, zitakuwa historia ambayo hakuna mwingine anayeiandika.

Tatu, tuingie kwenye masanduku yetu nyumbani. Ziko kaseti na kanda za video zinazoliwa na ukungu wakati huu, na mashine za kuzicheza zinazidi kuadimika. Kila aliye na moja na atafute wa kuigeuza kuwa ya dijitali kabla mvua ya masika haijaimaliza. Nao wenye vituo, wa umma na wa kibinafsi, na wakumbuke kwamba rafu zao zina wenyewe wengi kuliko wanahisa.

Nne, na hili ni kwa wazazi. Mwanao akirudi nyumbani akiimba wimbo aliouona kwenye runinga, au akimwigiza mchekeshaji fulani hata kikohozi chake, usimkemee upesi. Hakikisha amemaliza kazi ya ziada, naam, kisha muulize amependa nini humo. Huenda unazungumza na mtunzi, au na mwongozaji wa kwaya, au na yule mmoja ambaye, baada ya miaka arobaini, taifa zima litamwendea kumuuliza: je, unayo nakala?

Majuto ni mjukuu, wasema wahenga, mwishowe huja kinyume. Wangu ni wapwa, nao ni watatu. Aliyeniuliza swali lile makaburini sasa ni mwalimu kama mama yake, na anaongoza kwaya. Kila mwaka shule yake inapoimba, mimi huketi safu ya mbele nikiwa na simu mbili, na walio karibu nami huwaomba wanyamaze.